Isaac Newton: Mtu Aliyepima Kuanguka kwa Mwezi

Ukisimama ufukoni mwa Ziwa Nyasa huko Ikolo, katika wilaya ya Kyela, jioni ambayo mwezi mpevu unachomoza nyuma ya milima ya Livingstone, utawaona wavuvi wa usipa wakibaki majumbani mwao. Wao wanajua kwamba usiku wa mbalamwezi samaki hawaifuati taa ya karabai kama waifuatavyo katika usiku wa giza. Hivyo mwezi una neno katika riziki yao, na hesabu ya siku zake wanaijua bila kufundishwa na mtu.

Lakini je, umepata kujiuliza kwa nini mwezi hauanguki? Embe likiiva huanguka. Kole la mchikichi likikatwa huanguka kwa kishindo. Jiwe ulirushalo juu kwa nguvu zako zote hurudi chini. Mwezi ni jiwe kubwa kupita mlima wowote, wala haukufungwa kwa kamba wala haukuwekewa nguzo. Mtoto akiuliza swali hili mzazi humjibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeushika. Jibu hilo ni la kweli kwa kila aaminiye, ila halimkatazi mtu kuuliza tena: ameushika kwa kanuni gani? Wako watu wanaodhani kwamba swali hili la pili ni la utovu wa imani, na vijana wengi wameambiwa wachague baina ya shule na sala. Basi yafaa tusimulie maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo, naye alikuwa mcha Mungu katika siku zote za uhai wake. Na jibu lake lilikuwa la ajabu, kwani alisema kwamba mwezi unaanguka, na kwamba haujaacha kuanguka hata sekunde moja.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Isaac Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule, ambayo kwa kalenda yetu ni tarehe 4 Januari 1643, katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire. Baba yake, aliyeitwa pia Isaac, alikuwa mkulima na mfugaji asiyeweza kuandika hata jina lake mwenyewe, naye alifariki dunia miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akiwa mdogo na dhaifu mno hata waliokuwapo hawakutazamia kwamba angeiona siku ya pili. Mtoto huyo akaishi miaka 84.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa na kasisi mmoja mzee, akahamia kwa mumewe na kumwacha mtoto kwa bibi yake. Jambo hili lilimwumiza sana. Katika orodha ya dhambi zake aliyoiandika kwa siri mwaka 1662, akiwa kijana wa miaka 19, alikiri kwamba aliwahi kuwatishia mama yake na baba yake wa kambo kwamba angewachoma moto pamoja na nyumba yao. Kasisi yule alifariki mwaka 1653, mama akarudi Woolsthorpe na watoto wengine watatu. Baada ya kitambo alimtoa Isaac katika shule ya Grantham ili awe mkulima kama marehemu baba yake. Lakini kijana huyo hakufaa kwa kazi hiyo. Kondoo walipotea na kuharibu mashamba ya majirani huku yeye akiwa amekaa chini ya ua wa miti akisoma kitabu au akitengeneza vinu vidogo vya maji. Mwishowe mjomba wake na mwalimu mkuu wa shule walimsihi mama amrudishe masomoni, naye akakubali.

CHUONI, NA MWAKA WA TAUNI

Mnamo Juni 1661 Newton aliingia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mama yake alikuwa na uwezo, lakini hakupenda kumlipia gharama kubwa. Kwa hiyo aliingia kama mwanafunzi mtumishi, yaani mmoja wa wale waliolipiwa sehemu ya masomo kwa kuwahudumia wanafunzi matajiri mezani na vyumbani mwao. Wewe uliyesoma kwa tabu, ukibeba kuni za mwalimu au kuuza mpunga wa nyumbani ili upate karo, usidhani kwamba wakubwa wote wa elimu walilelewa katika raha.

Mwaka 1665, mara tu baada ya kupata shahada yake ya kwanza, tauni iliingia Uingereza, na chuo kikafungwa. Newton akarudi kijijini na kukaa huko karibu miaka miwili. Hakuwa na mwalimu wala mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na karatasi, wino, na kipande cha kioo chenye pembe tatu. Kwa kioo hicho alianza kuonyesha kwamba nuru nyeupe ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Kwa karatasi alitunga namna mpya ya hesabu, inayoitwa kalkulasi, ya kukadiria vitu vinavyobadilika kila wakati. Na katika muda huo huo akaanza kuuwazia mwezi.

Wengi wamesikia hadithi ya tufaha. Newton mwenyewe aliisimulia katika uzee wake, kwamba alikuwa bustanini akaona tunda likianguka, akajiuliza kwa nini siku zote linaanguka wima kuelekea ardhini, wala haliendi kando au juu. Kwamba tunda lilimpiga kichwani ni nyongeza ya wasimuliaji. Wala jambo kubwa si kwamba aliona tunda likianguka, kwani hilo kila mtu huliona. Jambo kubwa ni swali lililofuata: ikiwa uvutano wa ardhi unafika kwenye kilele cha mti, na unafika kwenye kilele cha mlima mrefu, je, unakomea wapi? Kwa nini usifike mpaka kwenye mwezi?

HESABU YA MWEZI

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba uwe na subira kidogo, kwa sababu hesabu hii haimshindi mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi.

Kitu kinachoanguka karibu na ardhi hakiendi kwa mwendo mmoja. Huzidisha mwendo wake kadiri kinavyoanguka, na kuzidi huko kwa mwendo huitwa mchapuko. Kila sekunde inayopita, kitu hicho huongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde. Kwa kuwa embe linapoachana na tawi halina mwendo wowote, na mwisho wa sekunde ya kwanza lina mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde, wastani wa mwendo wake katika sekunde hiyo ni nusu ya kiasi hicho. Basi katika sekunde ya kwanza huanguka mita 4.9, yaani kimo cha mwembe wa kiasi.

Sasa tuutazame mwezi. Tangu kitovu cha dunia hadi kwenye uso wake pana kilomita 6,371. Tangu kitovu hicho hadi kwenye mwezi pana kilomita 384,000, yaani mara 60 zaidi. Newton alikisia kwamba uvutano hupungua kwa mraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili, uvutano hupungua mara nne, ukiwa mbali mara tatu, hupungua mara tisa. Kwa hiyo mwezi, ulio mbali mara 60, yapasa uvutwe kwa nguvu iliyopungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Ikiwa ni hivyo, mwezi unahitaji dakika nzima ili uanguke zile mita 4.9 ambazo embe huanguka kwa sekunde moja.

Hayo ni makisio. Je, mwezi wenyewe wasemaje? Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27 na theluthi moja hivi, kwa hiyo mwendo wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja kwa sekunde. Katika dakika moja husafiri kilomita 61. Kama usingevutwa na kitu ungekwenda moja kwa moja na kutokomea angani. Lakini badala ya kwenda moja kwa moja hupinda kuelekea kwetu. Ukipima kiasi ulichopinda katika dakika ile moja, unapata mita 4.9. Makisio na ushuhuda wa mwezi vyapatana.

Haikuwa rahisi kwa Newton kuufikia upatano huo. Alipofanya hesabu mara ya kwanza alitumia kipimo cha dunia kilichokuwa kidogo kuliko haki yake, na matokeo yakakaribiana tu. Hakulitangaza jambo hilo. Kipimo bora kilipatikana baada ya Mfaransa Jean Picard kupima upya na kutoa matokeo yake mwaka 1671. Na yafaa ikumbukwe kwamba zaidi ya miaka 600 kabla ya hapo, Mwislamu Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikwisha kuipima dunia kwa kupanda mlima na kupima pembe ya upeo wa macho. Elimu ni nyumba iliyojengwa na mikono mingi.

KWA NINI HAUTUFIKII

Utauliza: ikiwa mwezi unaanguka, mbona haujatuangukia? Newton alijibu kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu sana. Nasi na tuuchukue mlima ulio karibu nasi. Fikiri kwamba umesimama juu ya milima ya Livingstone, juu ya Matema, ukatupa jiwe kuelekea ziwani. Litakwenda mbele huku likianguka, na njia yake itapinda mpaka litumbukie majini. Ukilitupa kwa nguvu zaidi litaanguka mbali zaidi. Lakini dunia ni mviringo: kwa kila kilomita 8 unazokwenda mbele, uso wake umeshuka chini ya mstari ulionyooka kwa mita 5 hivi. Basi kama ungeweza kulirusha jiwe kwa mwendo wa kilomita 8 kwa sekunde, na kusiwe na hewa ya kulizuia, katika sekunde moja lingeanguka mita 5, na ardhi chini yake ingekuwa imeshuka mita 5 vilevile. Sekunde ya pili ingekuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Jiwe lingeanguka daima bila kuifikia ardhi, na baada ya saa moja na nusu hivi lingekurudia kutoka nyuma yako.

Mfano huo ulichapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo cha Newton. Ilipita miaka 229 kabla binadamu hajaweza kulirusha jiwe hilo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza. Na jambo hilo halikukaa mbali nasi. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya, Waitalia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio walirusha satelaiti ya San Marco 2. Ndani yake mlikuwa na mizani iliyopima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyokizuia chombo katika mwendo wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Kimarekani ilirushwa kutoka jukwaa hilo hilo kwenda kuchunguza miali isiyoonekana itokayo kwenye nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi ya kurusha satelaiti hapo iliendelea mpaka mwaka 1988. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa na hivyo hukisaidia chombo kuondoka.

Watu wengi wanadhani kwamba huko juu hakuna uvutano, kwa kuwa wamewaona katika picha wasafiri wa angani wakielea. Hilo ni kosa. Kwenye kimo cha kilomita 400 mchapuko wa uvutano ungali mita 8.7 kwa sekunde katika kila sekunde, yaani karibu tisa ya kumi ya ule tulio nao hapa. Wasafiri wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Ndoo ikikatika kamba kisimani, maji yaliyomo hayaielemei ndoo wakati vyote viwili vinakwenda chini. Hali yao ni hiyo, ila kisima chao hakina mwisho.

KITABU CHAKE KIKUU

Mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, Newton alifanywa profesa wa hesabu huko Cambridge. Alikuwa mtu wa siri, mwepesi wa kuumia akikosolewa, na mvumbuzi asiyependa kuchapisha. Hesabu zake za mwezi zingeweza kuozea sandukuni, lakini mnamo Agosti 1684 mtaalamu wa nyota aitwaye Edmond Halley alimtembelea na kumwuliza sayari ingefuata njia gani ikiwa jua linaivuta kwa nguvu ipunguayo kwa mraba wa umbali. Newton akajibu papo hapo kwamba ni njia ya duaradufu, yaani mviringo uliorefuka, na kwamba alikwisha kulihesabu jambo hilo. Alipozitafuta karatasi hakuziona. Akaahidi kuiandika hesabu upya, na kutokana na ahadi hiyo kikatoka kitabu kilichochapishwa mwaka 1687 kwa Kilatini, kiitwacho kwa ufupi Principia. Chama cha wataalamu cha London kilikuwa kimemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki, na Halley akalipa gharama kutoka mfukoni mwake.

Katika kitabu hicho Newton alionyesha kwamba kanuni moja inatawala kuanguka kwa tunda, mzunguko wa mwezi, mwendo wa sayari na kujaa na kupwa kwa bahari. Kabla yake wenye elimu wengi walishika kwamba mbingu zina kanuni zake na ardhi ina zake. Alionyesha pia kwamba dunia imetuna katikati. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa ameona kwamba saa yake ya pendulamu ilichelewa huko Cayenne, karibu na ikweta, na Newton akaeleza kwamba uvutano huko ni mdogo kidogo. Hivyo gunia la mpunga la Kyela, likipimwa kwa mizani ya springi, huonyesha uzito mdogo kidogo hapa kuliko ambavyo lingeonyesha London.

KASORO ZAKE

Hatupendi kumsimulia mtu kana kwamba alikuwa malaika. Robert Hooke alidai kwamba yeye ndiye aliyemdokezea Newton habari ya mraba wa umbali. Badala ya kumpa haki ndogo aliyostahili, Newton alikasirika na kufuta jina lake mahali pengi katika kitabu. Aligombana na Leibniz, Mjerumani aliyeigundua kalkulasi kwa njia yake mwenyewe, na ripoti ya mwaka 1712 iliyompa Newton ushindi ilitungwa na Newton mwenyewe kwa siri. Alitumia miaka mingi akichemsha madini kutafuta siri za kugeuza metali kuwa dhahabu, asipate kitu. Mwaka 1693 akili yake ilitaabika kwa muda, akawaandikia rafiki zake barua za kuwashutumu bila sababu. Baadaye alipewa kazi katika kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, akawa Rais wa chama kile cha wataalamu tangu mwaka 1703, na mwaka 1705 Malkia Anne akampa heshima ya Sir.

IMANI ALIYOIFICHA

Lakini liko jambo ambalo walimwengu hawakulijua sawasawa kwa zaidi ya miaka mia mbili, nalo lawahusu hasa wasomaji wanaotafuta ukweli katika dini.

Newton alisoma Biblia na maandiko ya mababa wa kanisa kwa bidii ile ile aliyoisomea mwezi. Katika miaka ya 1670 uchunguzi huo ulimfikisha kwenye itikadi kwamba Mungu ni mmoja tu, na kwamba fundisho la Utatu liliingizwa katika kanisa baadaye, hasa katika karne ya nne. Mwaka 1690 alimwandikia rafiki yake John Locke maelezo marefu kuhusu mahali pawili katika Agano Jipya, katika Waraka wa kwanza wa Yohana na Waraka wa kwanza kwa Timotheo, akionyesha kwa kulinganisha nakala za zamani kwamba maneno yanayotegemewa kuthibitisha Utatu hayakuwa hivyo hapo mwanzo.

Fikiri sasa juu ya hali yake. Chuo alimofundisha kiliitwa Trinity, maana yake Utatu. Desturi ilimtaka awe kasisi ili aendelee kukaa humo, na kuwa kasisi kulimlazimu kukiri asichokiamini. Alikuwa tayari kupoteza kazi yake, lakini mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa ruhusa kwamba mwenye kushika uprofesa ule asilazimishwe kuwa kasisi. Newton akabaki kazini, akanyamaza. Maelezo yale kwa Locke yalikuwa yachapishwe ng'ambo bila jina la mwandishi, lakini mwaka 1692 aliogopa akaomba yazuiwe. Yalitoka mwaka 1754, yeye akiwa kaburini.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mnamo Januari 1697, katika mji wa Edinburgh, mwanafunzi wa miaka 20 aitwaye Thomas Aikenhead alinyongwa kwa shitaka la kukufuru, na kuukana Utatu lilikuwa miongoni mwa mashitaka yake. William Whiston, aliyemfuata Newton katika uprofesa, alikuwa na itikadi inayokaribia ya Newton, lakini yeye aliitamka hadharani. Mwaka 1710 alifukuzwa chuoni. Newton, aliyekuwa mwenye heshima kubwa kuliko wote na rafiki wa wakubwa wa serikali, hakumtetea.

Isingekuwa haki kumfanya Newton kuwa Mwislamu. Hakuwa. Alijihesabu kuwa Mkristo, na alimshika Yesu kuwa Masihi wa Mungu. Lakini kwamba mwenye akili ya namna ile, akiwa peke yake chumbani na vitabu vyake, alifika kwenye Umoja wa Mungu, ni jambo la kutafakari. Kwake yeye kanuni moja inayotawala embe na mwezi ilikuwa dalili ya Mtawala mmoja. Alipofariki tarehe 20 Machi 1727 kwa kalenda ya zamani, alikataa kupokea sakramenti ya kanisa. Akazikwa kwa heshima kuu katika kanisa la Westminster, pamoja na siri yake. Karatasi zake za dini ziliuzwa kwa mnada mwaka 1936. Nyingi zilinunuliwa na Abraham Yahuda, na leo zimo katika maktaba ya taifa huko Yerusalemu, ambako wenye elimu wamezisoma.

MATUNDA YA ELIMU HIYO

Newton alieleza jinsi uvutano unavyofanya kazi, akakiri kwamba hajui sababu yake. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza zaidi. Na ndugu yetu Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya wa Pakistan aliyesoma Cambridge kama Newton, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Wamarekani wawili kwa kuonyesha kwamba nguvu mbili za maumbile zilizoonekana mbalimbali zina asili moja. Yeye hakuificha imani yake, na mwaka 1974, nchi yake ilipotunga sheria dhidi ya jumuiya yake, alijiuzulu kazi ya kuishauri serikali.

Hata ziwa letu limeingia katika hesabu ya Newton. Tarehe 17 Machi 2002 zilirushwa satelaiti mbili pacha ziitwazo GRACE, zikifuatana angani kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Palipo na maji mengi chini yake, satelaiti iliyotangulia ilivutwa kidogo zaidi na kuiacha ile ya nyuma, kisha ya nyuma nayo ikavutwa. Kwa kupima tofauti iliyo ndogo kuliko unene wa unywele, wataalamu walijua maji yamezidi au yamepungua wapi, wakayachunguza maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2017, na satelaiti nyingine mbili zikarushwa mwaka 2018 kuiendeleza. Mvua ijazayo mito ya Kiwira na Songwe na kuinua maji ya ziwa huongeza uvutano wa mahali hapa, na chombo kilicho juu mamia ya kilomita hukisikia kiasi hicho.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, katika maisha ya mtu huyu mna mambo mawili ya kuyapima. La kwanza ni kwamba kuuliza juu ya kazi ya Mungu hakukumtoa katika kumcha Mungu. Akikwambia mtu kwamba mwanao akijifunza mwendo wa mwezi ataacha kusali, mwonyeshe maisha ya Newton.

La pili ni gumu zaidi. Newton aliuona ukweli katika mambo mawili. Ule wa mwezi aliutangaza ulimwenguni, nao ukanufaisha wote. Ule wa Umoja wa Mungu aliufungia sandukuni, na wengi walioweza kuongozwa nao wakaishi na kufa bila kuusikia. Sisi tusio na mti wa kunyongea mbele yetu tusiharakishe kumlaumu. Lakini wewe ambaye umechunguza, ukaridhika moyoni, na bado unahofu jirani watasema nini, wajomba watasema nini, huenda ukapotewa na shamba au kazi, fikiri juu ya Newton na Whiston. Mmoja alizikwa pamoja na wakuu wa nchi, na mwingine alifukuzwa kazi. Jiulize ni yupi kati yao aliyeutendea haki ukweli alioupata.

Usiku wa leo, mwezi ukichomoza, utazame kwa muda wa dakika moja. Katika dakika hiyo utakuwa umeanguka kuelekea kwako kimo cha mwembe, nao utakuwa mahali pale pale ulipowekwa. Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuziona kanuni zake, na moyo wa kuusema ukweli tulioujua. Amin.